Dawa Iliyotoka Katika Sumu ya Nyoka

(Somo la historia lililosomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome polepole, kisha wanafunzi wazungumzie maswali yaliyo mwishoni.)

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yako mbele yenu. Wiki hii somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kidonge kidogo ambacho huenda kimo nyumbani mwako hivi sasa, kabatini au chini ya mto wa baba yako. Nitawaelezeni kilikotoka, kazi yake mwilini, na namna ya kukitumia bila kujidhuru. Mimi ni mtu wa elimu, si daktari. Kwa hiyo nitakayosema ni ya kuwafungua macho tu, si badala ya maneno ya daktari wenu.

Nianze na kisa. Nilikwenda kulitazama darasa moja la jioni. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, peke yake, na benchi lake lilikuwa tupu kushoto na kulia. Kila baada ya dakika chache alikohoa, kikohozi kikavu kisicho na makohozi. Baada ya somo nikamfuata. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Usinikaribie sana, maana watu wananiogopa." Akanieleza kuwa amekohoa miezi minne. Amepimwa kifua kikuu mara mbili, hakuonekana nacho. Amekunywa chupa nyingi za dawa ya kifua, hakupata nafuu. Nyumbani kikombe chake kimetengwa, na wajukuu wamekatazwa kulala chumbani mwake. Hilo la wajukuu ndilo lililomuuma kuliko kikohozi chenyewe.

Kisha akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vyake vya presha, si kwa sababu ya kikohozi, bali ili anionyeshe kuwa sasa anajua kusoma. Akaweka kidole juu ya jina, akasoma silabi moja moja: "E-na-la-pril." Nikampongeza. Lakini herufi zile nne za mwisho zilinishtua. Kwa nini zilinishtua? Jibu lake limo katika historia ya leo. Tuifuate tangu mwanzo, na huyo mzee tutamrudia.

PRESHA NI NINI?

Moyo husukuma damu katika mishipa kama vile pampu isukumavyo maji katika mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana mpira kwa vidole, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Ukiongeza maji katika mpira ule ule, nguvu huzidi pia. Damu nayo ni hivyo: mishipa ikibanwa, au maji na chumvi zikizidi mwilini, nguvu ya damu huongezeka. Hiyo ndiyo tuiitayo shinikizo la damu, au presha. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, madaktari husema mtu huyo ana presha ya kupanda.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi hauumi. Mtu analima, anacheka, anakula, kumbe mishipa yake inachakaa. Mwisho wake huwa ni kiharusi, moyo kuchoka, au mafigo kuharibika. Wala haujali cheo. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikufa tarehe 12 Aprili, 1945, kwa mshipa kupasuka kichwani. Siku ile presha yake ilipimwa ikawa 300 kwa 190. Alikuwa mkuu wa nchi yenye nguvu nyingi, lakini wakati ule hapakuwa na dawa nzuri ya kumshushia presha. Leo mkulima katika kijiji anaweza kupata matibabu ambayo yeye hakuyapata.

SIRI YA MAFIGO

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1898, katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi. Bingwa mmoja, Robert Tigerstedt, aliyezaliwa Ufini, pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman, walisaga figo la sungura, wakachukua maji yake wakayatia katika mshipa wa sungura mwingine. Presha ya sungura yule ikapanda. Kitu kile kilichotoka katika figo wakakiita renini. Lakini watu hawakukijali sana, na habari yake ikalala zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1934, katika mji wa Cleveland, Marekani, daktari Harry Goldblatt aliiamsha tena. Alibana kidogo mishipa inayopeleka damu katika mafigo ya mbwa. Presha ya mbwa ikapanda. Ikawa dhahiri kuwa figo lisipopata damu ya kutosha hupeleka habari mwilini kuitaka presha ipandishwe.

Habari hiyo hupelekwaje? Katika mwaka 1939 na 1940 makundi mawili, moja la Eduardo Braun-Menéndez mjini Buenos Aires, Ajentina, na moja la Irvine Page nchini Marekani, yaligundua kitu kile kile, kila kundi kwa njia yake. Ajentina wakakiita haipatensini. Marekani wakakiita anjiotonini. Karibu miaka 20 kitu kimoja kikawa na majina mawili, hata mwaka 1958 walipokubaliana kuchukua nusu ya jina hili na nusu ya lile. Ndipo likazaliwa jina anjiotensini, nalo ndilo linalotumika mpaka leo.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1956, Leonard Skeggs na wenzake, katika hospitali ya askari wa zamani huko Cleveland, walipata jambo lililokuja kuwa ufunguo wa dawa yetu. Sikilizeni vizuri hapa.

VISU VIWILI

Mwilini mwetu mna vitu vidogo sana viitwavyo vimeng'enya. Kimeng'enya ni kama kisu cha jikoni: hukata na kubadili vitu vingine, lakini chenyewe hakiishi. Baada ya kukata hiki hugeukia kingine.

Ini hutengeneza kitu kirefu kama gogo, likakitia katika damu. Gogo hilo peke yake halina kazi. Presha ikishuka, figo hutoa renini. Renini ni kisu cha kwanza. Hukata kipande cha gogo kikawa fimbo. Fimbo hiyo ndiyo anjiotensini ya kwanza, nayo bado ni butu, haina nguvu. Halafu huja kisu cha pili, ambacho hupatikana kwa wingi katika mishipa ya mapafu. Kisu hicho huichonga ile fimbo ikawa kali. Sasa imekuwa anjiotensini ya pili, nayo ina nguvu kubwa. Huibana mishipa ya damu. Tena huziamuru tezi zilizo juu ya mafigo zitoe kitu kinachozuia chumvi na maji yasitoke mwilini. Mpira umebanwa na maji yameongezwa, presha inapanda.

Kazi hiyo si mbaya. Mtu aliyepoteza damu nyingi au aliyeharisha sana huokolewa nayo. Taabu ni pale kazi hiyo inapoendelea mchana na usiku wakati haihitajiki.

Skeggs ndiye aliyekigundua kisu cha pili. Swali likabaki: je, kiko kitu cha kukizuia? Jibu halikutoka Ulaya wala Marekani ya Kaskazini. Lilitoka katika meno ya nyoka wa Brazil.

NYOKA WA BRAZIL

Katika nchi ya Brazil yuko nyoka aitwaye jararaca. Ni wa jamaa moja na kifutu wetu. Mtu akiumwa naye, pamoja na madhara mengine, presha huweza kushuka ghafula hata akazimia. Mwaka 1948 bingwa wa Kibrazili, Maurício Rocha e Silva, pamoja na wenzake wawili, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld, walikuwa wakichunguza sumu hiyo mjini São Paulo. Wakaona kuwa sumu huifanya damu ya mnyama itoe kitu kinachotanua mishipa na kushusha presha. Kitu hicho kilipowekwa juu ya kipande cha utumbo, utumbo ulijikunja polepole. Kwa hiyo wakakipa jina kutoka lugha ya Kiyunani lenye maana ya kwenda polepole: bradikinini.

Mwanafunzi wa Rocha e Silva, Sérgio Ferreira, alitatizwa na jambo moja. Bradikinini ikiingia katika damu huharibiwa mara moja, haikai. Lakini pamoja na sumu ya jararaca hudumu, na nguvu yake huzidi. Basi lazima katika sumu kuna kitu kinachoilinda. Mwaka 1965 Ferreira alitangaza kuwa amekipata kitu hicho. Akakichukua, akaenda nacho London kufanya kazi katika maabara ya John Vane.

Huko London, Vane na wenzake walikuwa wakichunguza namna mapafu yanavyoichonga anjiotensini. Mwenzao mmoja, Mick Bakhle, akaijaribu dawa ya Ferreira juu ya kisu cha pili cha mapafu. Mwaka 1968 akatoa habari: kisu kimezuiwa!

Na hapa ndipo palipo na ajabu ya habari hii. Kisu kinachoichonga anjiotensini ikawa kali, ndicho hicho hicho kinachoikatakata bradikinini. Kisu kimoja, kazi mbili. Kwa mkono mmoja hutia nguvu kitu kinachobana mishipa. Kwa mkono wa pili huharibu kitu kinachoitanua. Ukikitia kisu hicho katika ala yake, umepata faida mara mbili. Sumu ya jararaca ilikuwa na ala hiyo.

KUTOKA SUMU HADI KIDONGE

Vane alikuwa mshauri wa kampuni ya dawa ya Squibb nchini Marekani. Akaihimiza iichunguze sumu hiyo. Kazi ikaangukia watu wawili: David Cushman, na Miguel Ondetti aliyezaliwa Ajentina. Kwanza walitengeneza katika maabara kitu kilichofanana na kile cha sumu. Kilishusha presha ya wagonjwa, lakini kilikuwa ghali, tena kilipaswa kupigwa sindano. Kikimezwa, tumbo hukisaga kama nyama. Nani angeweza kupigwa sindano kila siku maisha yake yote?

Wakajaribu madawa mengi, yakashindikana. Mwaka 1974 wakapata fikira mpya. Walijua kuwa kwenye makali ya kisu kile pana chembe ya madini ya zinki, na bila hiyo kisu hakikati. Kwa nini wasitengeneze kitu kidogo chenye umbo la kuingia katika makali, na chenye mkono wa kuishika ile zinki? Salfa hushikana vizuri na zinki. Wakatia salfa. Mwaka 1975 ikapatikana dawa ya kumeza, nayo ikaitwa captopril. Hata leo ukivinusa vidonge vyake utasikia harufu kidogo ya kiberiti. Ni ile salfa. Mwaka 1981 dawa ikaruhusiwa kuuzwa Marekani.

Msidhani kwamba yote yalikwenda sawasawa. Wagonjwa wa kwanza walipewa vipimo vikubwa mno. Wengine walitoka vipele, wengine wakapoteza ladha ya chakula, na wachache chembe nyeupe za damu zao zikapungua. Vipimo vilipopunguzwa, taabu hizo zikapungua pia, na presha ikaendelea kushuka. Hilo ni fundisho: dawa ile ile ikizidi kipimo hugeuka adui.

Ndugu zake captopril wakafuata: enalapril, lisinopril, ramipril, perindopril na wengine. Mwaka 1987 ilitolewa habari kutoka Ufini, Norwei na Uswidi. Wagonjwa 253 ambao mioyo yao ilikuwa imechoka sana waligawanywa mafungu mawili. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida, lakini fungu moja liliongezewa enalapril na jingine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 wasioipata enalapril, 44 walikuwa wamekufa. Katika kila 100 walioipata, walikufa 26. Mwaka 1993 ikaonekana tena kuwa captopril huchelewesha kuharibika kwa mafigo ya wagonjwa wa kisukari. Leo enalapril imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

HERUFI NNE ZA MWISHO

Sasa chukueni kalamu. Andikeni majina haya kama yanavyoandikwa kwenye pakiti: captopril, enalapril, lisinopril, ramipril, perindopril. Tazameni mwisho wa kila jina. Mnaona nini? P, R, I, L. Herufi hizo nne ni kama jina la ukoo. Ukiziona kwenye pakiti, ujue dawa hiyo ni ya ukoo wa jararaca, hata kama imetengenezwa kiwandani na haina sumu ndani yake. Na ukiujua ukoo, umejua tabia. Tabia zenyewe ni hizi.

Ya kwanza, kikohozi. Kumbukeni kuwa kisu kikitiwa alani, bradikinini haikatwi tena, nayo hujikusanya. Kwa watu wengine huwasha koo na mapafu. Karibu mtu mmoja katika kila kumi hupata kikohozi kikavu. Hakiambukizi na hakitibiwi kwa dawa ya kifua. Huisha dawa ikibadilishwa.

Ya pili, uvimbe. Watu wachache huvimba midomo, ulimi, uso au koo. Jambo hili hutokea zaidi kwa sisi wenye asili ya Afrika, na laweza kutokea hata baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa. Hapo hakuna kungoja kesho. Usimeze kidonge kingine. Kimbilia hospitali saa ile ile, kwa maana koo likivimba pumzi huzibwa. Na mtu huyo asipewe tena dawa ya ukoo huu maisha yake yote.

Ya tatu, mimba. Dawa hizi humdhuru mtoto aliye tumboni, hasa mafigo yake. Mwanamke mwenye mimba asizitumie. Aliyekuwa akizitumia akajiona ana mimba, au anaitaka, aende kliniki mara moja abadilishiwe. Ndiyo maana ni hatari mama mkwe kumgawia mkamwana vidonge vyake eti kwa kuwa wote wanaumwa kichwa. Huruma ile huweza kumdhuru mjukuu.

Ya nne, mafigo na potasiamu. Potasiamu ni madini yaliyo katika damu. Ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Dawa hizi huipandisha. Kwa hiyo daktari hupima damu kabla ya kuanza, na tena baada ya wiki moja au mbili. Msikimbie kipimo hicho. Msitumie chumvi ya potasiamu badala ya chumvi ya kawaida bila kuuliza. Tena mjihadhari na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo tunazinunua dukani kama peremende. Zikikutana na dawa hizi huweza kuyaumiza mafigo.

Ya tano, kuharisha na kutapika. Mwili ukikauka maji, dawa hii huweza kushusha presha mno na kuyadhuru mafigo. Mtu akiharisha au kutapika sana, aende upesi akaulize kama aisimamishe kwa siku chache. Vilevile siku za mwanzo mtu huweza kusikia kizunguzungu. Ainuke kitandani polepole.

Jambo moja jingine latuhusu sisi. Kwa wengi wenye asili ya Afrika, dawa za ukoo huu zikitumiwa peke yake hushusha presha kidogo kuliko kwa wengine. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wagonjwa waliopewa dawa mbili pamoja, moja ikiwa amlodipine, walishuka presha vizuri kuliko waliopewa perindopril pamoja na dawa ya kukojosha. Lakini perindopril ilipoambatana na amlodipine ilifanya kazi vizuri. Basi daktari akikupa dawa mbili usinung'unike kuwa anakulemea. Ana sababu yake.

MZEE WETU

Mzee wetu sasa mmekwisha mjibu wenyewe. Nilimwambia, "Mzee, usiache vidonge, maana presha itakurudia. Kesho asubuhi chukua pakiti hii, nenda kliniki, wasomee jina kama ulivyonisomea mimi, uwaambie habari ya kikohozi." Akaenda. Miezi yote minne hakuna aliyemwuliza anameza vidonge gani, na yeye hakusema, kwa kuwa hakudhani kwamba dawa ya presha yaweza kuleta kikohozi. Walimbadilishia dawa, wakampa ya ukoo mwingine, ambao majina yake huishia na "sartan". Ukoo huo haukishiki kile kisu. Huizuia anjiotensini isiiguse mishipa, kwa hiyo bradikinini haijikusanyi. Lakini nao ni marufuku kwa mwenye mimba, wala haufai kuchanganywa na ukoo wa "pril".

Nilirudi katika darasa lile baada ya muda. Mzee alikuwa benchi la mbele, katikati ya watu. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Aliniambia kuwa mjukuu wake mdogo sasa anamsumbua usiku kwa mateke, naye halalamiki hata kidogo.

Ndugu zangu, kusoma si kwa ajili ya cheti tu. Mabingwa wa nchi nyingi walifanya kazi karibu miaka 80 mpaka kidonge hiki kikapatikana, lakini mwisho wa safari kipo mkononi mwako wewe, na wewe ndiwe utakayesoma pakiti. Leo usiku, mkifika nyumbani, waombeni wazee wenu wawaonyeshe dawa zao. Someni majina. Mkiona jambo la kuuliza, msiiache dawa wala msibadili kipimo. Pelekeni swali kwa daktari au muuguzi. Kwaherini, hadi wiki ijayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini mtu mwenye presha huweza kujiona mzima?
2. Kisu cha pili hufanya kazi gani mbili mwilini?
3. Kwa nini mgonjwa mmoja hukohoa kwa sababu ya dawa ya presha?
4. Jirani yako amevimba ulimi, naye anameza lisinopril. Utafanya nini?
5. Andika majina matatu ya dawa yanayoishia na "pril". Kisha eleza ni nani asiyepaswa kuzitumia, na kwa nini.